Mkonge Mwenyeji na Mkonge Mgeni: Historia ya Ususi katika Handeni na Korogwe

Mkoa wa Tanga ni nadra kutajwa vitabuni pasipo kutajwa mkonge. Watu wameandika juu ya mashamba yake, bei zake, matajiri wake na wavuja jasho wake, juu ya reli iliyoubeba na meli zilizoupokea. Maandiko hayo ni ya haki, na faida yake ni kubwa. Lakini katika wilaya za Handeni na Korogwe iko historia nyingine ya nyuzi, ndefu kuliko ile ya mashamba, ambayo haikuingia katika daftari la karani yeyote. Ni historia ya msusi: mtu aliyeketi barazani au chini ya mwembe, akachukua jani, akalichana, akalisuka, akatoa mkeka, kikapu, kawa au kamba, kisha akaiaga dunia bila jina lake kuandikwa mahali. Katika makala hii tumekusudia kuieleza historia hiyo, na kutetea neno moja: kwamba shamba liliutia mkonge katika biashara, bali aliyeutia katika utamaduni wetu ni msusi, ambaye watu husema hakusoma.

Kwa msusi tunakusudia fundi wa majani na nyuzi, wala si fundi wa nywele peke yake, ingawa neno ni moja na lugha yetu haikukosea kuwaweka pamoja. Kusuka ni kupitisha kitu juu na chini ya kingine kwa hesabu, hata vitu vilivyo dhaifu kimoja kimoja vikapata nguvu kwa kushikana. Ndiyo maana watu husuka nywele na mikeka, na wenye hila husuka njama. Hata sisi watungaji wa mashairi, tukitaka kusifu utungo, husema umesukwa ukasukika. Sifa hiyo tumeikopa kwa msusi, na deni lake hatujalilipa.

Mkonge Mwenyeji

Wengi hudhani kuwa neno mkonge lilizaliwa pamoja na mashamba makubwa. Sivyo. Kamusi za Kiswahili zilizotungwa mwanzoni mwa karne ya 20 zinalitaja neno hili kuwa jina la mmea wa porini, wenye majani mazito na yenye mabaka, uotao vichakani na penye vivuli. Mmea ambao wataalamu huuita Sansevieria. Nyuzi zake ni laini na imara. Waingereza waliuita katani ya upote wa upinde, kwa kuwa watu wa Afrika walisokota nyuzi zake kuwa nyuzi za pinde zao. Na aina yake mojawapo ilijulikana kwa wafanyabiashara wa Ulaya kuwa katani ya Pangani. Basi huo ndio mkonge mwenyeji. Jani lake hukatwa, likakwanguliwa nyama yake kwa kipande cha mti au ubapa wa kisu hata zibaki nyuzi tupu, nazo zikaoshwa, zikaanikwa na kusokotwa juu ya paja. Kazi hiyo ilifahamika katika nchi hizi kabla ya mzungu wa kwanza kupima shamba.

Mkonge haukuwa peke yake. Uzigua, yaani Handeni pamoja na Kilindi iliyofanywa wilaya mwaka 2002, ni nchi ya vichaka, ya miombo, na ya mvua zisizoaminika. Korogwe imelala kando ya mto Pangani chini ya milima ya Usambara, na humo huishi Wasambaa, Wazigua, Wabondei na wengine wengi waliokuja baadaye. Ardhi hizo mbili ziligawana malighafi. Kando ya mito huota mkindu, na majani yake machanga, yaani ukindu, ndiyo yatoayo mikeka myembamba na laini. Penye joto na mchanga, kuelekea pwani, huota mkoma, ambao hutoa miyaa ya mikeka na vikapu vya kazi. Mbuyu hutoa gome lenye nyuzi ndefu za kamba nene. Miti ya miombo hutoa magome ya kufungia fito za nyumba. Gome bichi lililochunwa lilifunga mzigo wa kuni na mzinga wa nyuki.

Kwa vitu hivyo maisha yalisimama. Nafaka ilipepetwa katika ungo na kuchukuliwa katika kikapu. Kuku na matunda yalisafirishwa katika tenga. Chungu cha mboga kilining'inizwa katika susu ili paka na mchwa wasikifikie, na chakula kilifunikwa kwa kawa. Nazi iliyokunwa ilikamuliwa kwa kifumbu. Kitanda kilitandwa kamba, na juu ya kitanda ukatandikwa mkeka. Mtu alizaliwa juu ya mkeka, akala juu yake, akasali juu yake, na siku ya mwisho akafunikwa nao. Kitu kilichomhudumia binadamu tangu kuzaliwa hata kufa hakiwezi kuitwa kitu kidogo.

Shule ya Msusi

Tuangalie sasa jinsi msusi apatavyo ujuzi wake, kwani hapo ndipo kiini cha maneno yetu kilipo. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Msusi hufunzwa na wote wawili, naye huongeza mwalimu wa tatu, ambaye ni jani lenyewe.

Mtoto huanza kwa kuokota chane zilizotupwa, yaani vipande vyembamba vya jani vilivyobaki kwa mama au bibi yake. Haambiwi njoo nikufundishe. Hukaa kando, akatazama, akajaribu, akaharibu. Kitu chake cha kwanza ni ukili mfupi usio na faida, uliopinda kama nyoka. Hakuna anayemkemea, wala hakuna anayemsifu sana. Siku moja ukili wake hunyooka, na mama huuchukua bila neno akauunga katika mkeka wake. Hiyo ndiyo hati ya kuhitimu.

Baada ya hapo jani humfundisha lililobaki. Jani kavu huvunjika, nalo jani lenye maji mengi hunywea likikauka na kuacha mianya. Basi msusi hujifunza kulainisha chane kwa matone ya maji, na kufanya kazi asubuhi au jioni, hewa ikiwa na unyevu. Samaki mkunje angali mbichi, na ukindu vivyo hivyo. Hujifunza kuingiza chane mpya pale ya zamani inapokwisha, hata jicho lisione kiungo. Hujifunza rangi: mizizi ya mdaa huchemshwa pamoja na chane zikatoka nyeusi, na manjano hutoa njano, baadaye zikaja rangi za unga za dukani, nyekundu, kijani na zambarau, nazo akazipatia kipimo chake mwenyewe.

Lakini ujuzi mkubwa kuliko wote ni hesabu. Mkeka wa ukili hausukwi mara moja ukawa mkeka. Husukwa utepe mwembamba, pengine wa upana wa vidole vitatu au vinne, mrefu wa pima nyingi, ukakunjwa kama roda. Kisha utepe huo hushonwa ukingo kwa ukingo hata ukawa kitu kipana. Pambo lote la mkeka liko tayari ndani ya utepe kabla haujashonwa. Msusi akitaka mishazari ikutane, au vipande vyeusi vipangane kama madirisha, imempasa ajue tangu dhiraa ya kwanza mahali ambapo kila chane nyeusi itaangukia wakati wa kushona. Anapita juu ya mbili na kuingia chini ya mbili, naye anashika moyoni sura ya kitu ambacho macho yake hayajakiona. Akikosa chane moja, kosa hilo litajirudia katika safu zote, naye atafumua. Mchoraji ana karatasi, na mwashi ana ramani. Msusi hana kimojawapo. Ramani yake iko kichwani.

Mtu wa namna hiyo tutasemaje kuwa hakusoma? Kusoma ni kuona kanuni ndani ya mambo yaliyotawanyika na kuitumia kanuni hiyo mahali papya. Na ushahidi kwamba msusi wetu alikuwa na kanuni, wala hakuwa na mazoea tu, ulipatikana siku mgeni alipoingia.

Mkonge Mgeni

Mgeni huyo ni mkonge tuujuao leo, ambao asili yake ni Mexico, katika rasi ya Yucatan. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Dakta Richard Hindorf, aliuingiza katika nchi hii kwa niaba ya kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Miche 1,000 iliagizwa kutoka Florida, Marekani. Safari ikaiua karibu yote, na miche 62 tu ndiyo iliyofika Tanga ikiwa hai. Ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mashamba ya kwanza yaliyoigeuza nchi hii kuwa nchi ya mkonge yalitokana na miche hiyo michache.

Wenyeji walipoutazama mmea huo wenye majani kama mapanga, waliuona haufanani sana na ule wa vichakani, lakini walipolikwangua jani wakakuta nyuzi. Wakaupa mgeni jina la mwenyeji. Jambo hili latupasa kulizingatia. Mmea mgeni kwa kawaida huja na jina lake, au hupewa jina la nchi utokako. Bali huu ulipokewa kwa jina la ndugu yake wa porini, kwa sababu walioupokea walitazama kazi yake na si sura yake. Kutaja jina hilo kulikuwa tayari ni kuuelewa.

Shamba likakua upesi. Reli ya kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na kandokando yake mashamba yakapangana. Katika Korogwe majina ya Hale, Mwelya, Magoma, Magunga na Ngombezi yakawa majina ya mkonge. Kila shamba likawa na mashine yake ya kukwangua majani, ambayo wafanyakazi waliiita korona. Mashine hiyo ililipiga jani kwa nguvu ikaacha nyuzi, na nyuzi hizo hazizidi sana sehemu nne katika mia moja za uzito wa jani. Zilizobaki ni maji na makapi. Jani moja lina nyuzi zipatazo 1,000, na mmea mmoja hutoa majani kati ya 200 na 250 katika maisha yake, kisha huchomoza mlingoti mmoja mrefu, ukazaa vitoto juu yake, ukafa.

Kazi ya shamba ilikuwa ngumu, na wenyeji wengi hawakuitaka. Kwa hiyo waliletwa watu kutoka mbali: kutoka Kigoma, Songea, Rwanda na Urundi, na kutoka ng'ambo ya Ruvuma katika Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi ya kuajiri iliyoitwa Silabu, ili kazi hiyo iendeshwe kwa utaratibu mmoja. Watu hao waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja aliandikwa kwa namba. Katika kambi zao walikaa pamoja watu wa lugha nyingi, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha.

Tulinganishe sasa mambo mawili. Mwaka 1934 kilianzishwa kituo cha utafiti wa mkonge huko Mlingano, na baada ya miaka mingi wataalamu wake wakapata mkonge chotara ulio bora kuliko ule wa mwanzo, wakauita 11648. Mche ukapata namba yake, na mkata mkonge alikuwa na yake. Lakini mtu aliyegundua jinsi ya kuutumia mkonge huo nyumbani hakupewa jina wala namba.

Kujifunza bila Mwalimu

Ugunduzi huo haukuwa mwepesi kama ionekanavyo. Ukindu ni jani bapa, huchanwa, hausokotwi. Nyuzi za mkonge mgeni ni ndefu, hukaribia urefu wa mita moja, nazo ni kavu, ngumu, nyeupe na zenye kuwasha. Ukizisuka kama ukindu zitafumuka na kuchoma vidole. Kuzijua kulihitaji ujuzi wa aina nyingine, wala hapakuwa na bibi aliyeweza kumfundisha mjukuu, kwa kuwa bibi naye hakuwahi kuzitia mkononi. Wala mwenye shamba hakufundisha. Yeye alitaka marobota ya nyuzi yapelekwe Ulaya yakasokotwe huko kuwa kamba za meli na nyuzi za kufungia mavuno. Kazi ya mkono wa mwananchi ilikuwa kukata majani, kulisha korona, kuanika na kufunga.

Basi msusi alirudi kwa mkonge mwenyeji. Alijua jinsi nyuzi za Sansevieria zinavyokwanguliwa na kusokotwa juu ya paja. Akachukua ujuzi huo akaujaribu juu ya mgeni. Mkonge ulikuwa umetoka nje ya mashamba, ukapandwa katika mipaka ya viwanja na kuwa ua wa nyumba. Hapo ndipo alipopata majani yake. Alikwangua jani juu ya gogo, akaziosha nyuzi mara nyingi kuliko zile za porini ili zipungue ukali wake, akazianika juani hata zikawa nyeupe, akazisokota nyuzi mbili mbili kinyume cha msokoto wa kwanza ili zisifumuke. Akaona kwamba zinapokea rangi vizuri. Akaona pia kwamba hazifai kwa mkeka wa kulalia, bali zinafaa kwa kamba ya mbuzi na ya ndoo ya kisima, kwa vitanda, kwa mikoba ya kufumwa au kuzungushwa, kwa mazulia ya mlangoni, kwa brashi na kofia. Mahali pengine aliunganisha vitu viwili: mwili wa kikapu ukawa wa miyaa, na mikono yake ikawa ya mkonge, kila malighafi ikipewa kazi inayoiweza.

Hivyo ndivyo tunavyosema kuwa mtu huyu alijifunza mwenyewe. Hatuna maana kwamba alianza na utupu. Alikuwa na kanuni ya zamani na kitu kipya, na katikati yake palikuwa na pengo ambalo hapakuwa na mtu wa kumvusha. Alilivuka kwa kujaribu. Msomi wa chuo hufanya hivyo hivyo katika maabara yake, naye huandika matokeo. Msusi aliyatoa matokeo yake sokoni, akanunuliwa, mkoba ukachakaa, na ushahidi ukaisha. Jengo la mawe likibomoka huacha msingi, na chungu kikivunjika huacha vigae. Kazi ya nyuzi huliwa na mchwa. Hiyo ni sababu moja ya ukimya wa historia yake, lakini si sababu pekee.

Jina la Fundi

Sababu ya pili ni mazoea ya kuandika. Wakati wa utawala wa Wajerumani vitu vingi vya mikono ya Waafrika vilikusanywa na kupelekwa Ulaya. Mwaka 1910 Franz Stuhlmann, aliyepata kukiongoza kituo cha Amani katika Usambara ya Mashariki, alitoa kitabu kikubwa juu ya ufundi na viwanda vya mikono vya Afrika Mashariki, na kazi hiyo mpaka leo ina maana kwa wachunguzi. Lakini katika makusanyo ya zama hizo kikapu kwa kawaida kiliandikwa jina la kabila na la mahali, na mara nyingi jina la mzungu aliyekipata. Jina la aliyekisuka halikuulizwa. Ilidhaniwa kuwa kabila ndilo linalosuka.

Tusiwalaumu wageni peke yao. Sisi ambao tumejaza fomu nyingi za serikali na kuzisoma nyingine nyingi tunajua kwamba mahali palipoandikwa kazi, msusi huandikwa mkulima, au mama wa nyumbani. Mkeka wake uliosomesha watoto na kununua chumvi wakati wa ukame, hauna mstari katika fomu. Nchi ambayo kwa miaka mingi iliongoza dunia kwa kutoa nyuzi za mkonge, ikafikia tani zipatazo 230,000 mwaka 1964, imehesabu kila robota, ila haikumhesabu fundi wa nyuzi.

Kwamba mambo yaweza kuwa vingine, tunao ushahidi hapa hapa nchini. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 katika nchi ya Tunduru, alikuja Tanga katika miaka ya 1950 kufanya kazi katika shamba la mkonge. Mwaka 1959 alikwenda Dar es Salaam, na huko, karibu na mwaka 1968, akaanza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za kung'aa juu ya mbao laini za dari. Hakuna chuo kilichomfundisha. Aliuawa mwaka 1972 akiwa angali kijana, lakini mtindo aliouanzisha ukaendelea kwa ndugu na wanafunzi wake, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima. Tingatinga na msusi wa Korogwe walitoka katika nchi moja ya mkonge na wote wawili walijifunza wenyewe. Tofauti yao ni kwamba picha hutundikwa ukutani na kutiwa sahihi, na mkoba huchukuliwa sokoni.

Tazama pia nje ya nchi. Katika Poland alikuwako mwanamke aliyeitwa Magdalena Abakanowicz, aliyezaliwa mwaka 1930 na kufariki mwaka 2017. Katika miaka ya 1960, vifaa vikiwa haba katika nchi yake, alikusanya kamba kuukuu za mkonge, akazifumua, akazitia rangi na kuzifuma upya kuwa maumbo makubwa kuliko mtu, yaliyoning'inizwa kutoka darini. Mwaka 1965 alipewa medali ya dhahabu katika maonyesho ya São Paulo, Brazil, na mwaka 2022 jumba la sanaa la Tate Modern la London lilifungua maonyesho makubwa ya kazi hizo. Huyu alisoma chuo cha sanaa, na sifa zake ni halali. Tunalomtajia ni jambo moja: kazi zake huitwa Abakan, kutokana na jina lake. Mkonge uleule, ukisokotwa na mkono wenye jina, uliingia katika majumba ya sanaa ya dunia.

Jirani zetu wa Kenya nao wana fundisho. Kiondo cha wanawake wa Kikamba na Kikikuyu, kilichosukwa zamani kwa nyuzi za magome na baadaye kwa mkonge, kilipendwa sana ng'ambo katika miaka ya 1970 na 1980. Jina la kikapu likavuka bahari, lakini majina ya wasusi hayakuvuka. Na viwanda vya mbali vilipoanza kuiga kikapu hicho kwa mashine, akina mama hao walikosa pa kushika. Kitu kisicho na jina la fundi ni rahisi kuibwa.

Kuanguka na Kurudi

Mwaka 1962, mara baada ya nchi kuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, kwa imani kwamba utamaduni ndio roho ya taifa. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge ikawa mali ya umma. Mwaka 1973 likaundwa shirika la kuhudumia viwanda vidogo, SIDO, na mwaka 1984 sheria ikaunda Baraza la Sanaa la Taifa. Hizo zilikuwa hatua njema. Lakini wakati huohuo nyuzi za plastiki zilikuwa zimeingia katika soko la dunia, bei ya mkonge ikaporomoka, na mashamba mengi yakaota magugu. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990, mashamba yakirudishwa mikononi mwa watu binafsi, nchi ilitoa chini ya tani 30,000 kwa mwaka.

Plastiki hiyohiyo ilimfuata msusi nyumbani kwake. Ndoo ya plastiki ilichukua mahali pa kikapu, kamba ya nailoni mahali pa kamba ya mkonge, na mkeka wa kiwandani, wenye maua yasiyofumuka, mahali pa mkeka wa ukindu. Vijana wakauona ususi kuwa alama ya umaskini. Pigo hilo lilipiga shamba na baraza kwa pamoja, ila shamba lilikuwa na watu wa kulililia.

Upepo umeanza kugeuka. Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2009 kuwa mwaka wa kimataifa wa nyuzi za asili. Katika mashamba ya Korogwe wakulima wadogo wamepewa sehemu za kulima mkonge wao wenyewe. Na tarehe 1 Juni 2019 serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, hata kikapu kikaonekana tena mikononi mwa watu wasiokuwa wazee. Mlango umefunguliwa. Lakini mlango ukifunguliwa na mwenye nyumba ameshafariki, mgeni ataingia katika nyumba tupu.

Hapo ndipo hatari ilipo. Msusi akifa hafi na mkeka mmoja. Hufa na kipimo cha mdaa, na hesabu ya mishazari, na maneno yote ya kazi yake. Vijana wangapi leo watakuambia maana ya chane, ukili, susu au kifumbu? Lugha hupungua kama vile msitu unavyopungua, mti mmoja mmoja, na sisi tunaoishi kwa maneno hatuwezi kujifanya hatuoni.

Basi tunapendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi. Kwanza, kila kazi ya mkono inayonunuliwa kwa ajili ya makumbusho au maonyesho ya umma iandikwe jina la fundi, kijiji chake na mwaka alioifanya, kabla ya jina la kabila. Pili, shule za Handeni na Korogwe ziwaalike wasusi kufundisha mbele ya watoto, na walipwe kama walimu, kwa maana ndivyo walivyo. Tatu, maafisa utamaduni wa wilaya wakusanye maneno ya ususi, kwa Kiswahili na kwa Kizigua, Kisambaa na Kibondei, wakiandika pia jinsi kila kitu kinavyofanywa, mkono kwa mkono.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Chanda cha msusi kimechanika kwa ukindu na kuwashwa na mkonge, nacho hakijavikwa chochote. Wenye kalamu na wamwandike.